Mlango wa Miss Loretta

Siku ile katika chumba cha kamati, chini ya ardhi katika Bunge la Texas kule Austin, tulikuwepo sisi: Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili, mwalimu mstaafu mwenye nyumba mbili za kulelea wazee huko Missouri City; Bi Salma, Mzanzibari aliyeendesha ofisi yetu ya Houston na aliyenifundisha kazi; Baba Furaha, Mkongomani wa Fort Worth, mwenye nyumba moja na sauti ya watu watatu; dada yangu Wakesho, muuguzi, mwenye nyumba Cedar Hill; Miss Loretta, bibi anayeishi katika nyumba ya Wakesho, aliyekuja na fremu yake ya kutembelea na mkoba uliojaa peremende; na mimi, Mwadime. Nyuma yetu waliketi wanachama waliojaza basi la kanisa. Ningewataja wote, maana kutotajwa kwa majina ndiko kulikotaka kutumaliza siku ile, lakini mtayasikia machache pale yalipotajwa.

Ninyi mlioingia kazini hivi karibuni mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya kufuatilia miswada ilivyokuwa. Nimestaafu juzi na mikono bado inatafuta karatasi kila asubuhi, kwa hiyo mmenikuta na nafasi. Mambo ya vyeo siyajui vizuri. Nitaandika ninayoyakumbuka.

Mimi ni kifungua mimba wa nyumba yetu kule Voi. Wazazi walifariki mmoja baada ya mwingine nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule nikaenda kukata mkonge ili Wakesho na wadogo zake wabaki darasani. Sikuchagua, kifungua mimba yeyote atawaambia kwamba hakuulizwa. Wakesho alisoma, akawa muuguzi, akaja Texas, na baadaye akaniombea karatasi za kuja. Zilichukua miaka mingi hata nikawa nimesahau kwamba kuna mahali naenda. Nilipofika Fort Worth nilipata kazi ya ghala, kupanga maboksi, na Jumapili nilikuwa nasoma matangazo katika ibada ya Kiswahili.

Matangazo hayo ndiyo yaliyonitoa ghalani. Mke wa dereva mmoja alifariki, tukakutana kuchangia kusafirisha mwili, nikapewa nisome ratiba. Bi Salma alikuwepo kwa sababu marehemu alikuwa mwanachama wake. Alinifuata kwenye chai.

"Wewe bwana, unasoma hivyo hivyo hata kitu usichokipenda?"

"Nasoma kilichoandikwa, mama."

"Basi njoo Houston. Nina watu hawasomi, lakini husikiliza."

Kwa mgeni anayesoma hapa: Bunge la Texas hukutana mwaka mmoja na kuruka mmoja. Linaanza Januari na kuagana mwisho wa Mei. Katika miezi hiyo miswada humiminika kama watu kwenye pilau ya bure. Mwanachama wetu ana saluni, au bucha, au teksi, au nyumba ya wazee. Anaamka alfajiri na kurudi amechoka. Mswada unaoweza kumfungia mlango unapita huku yeye yuko kazini. Kazi yetu ilikuwa kuuona mapema, kuuelewa, na kumwambia kwa lugha anayoisikia.

Siku ya kwanza Bi Salma aliniketisha katika ofisi yake, juu ya duka la vitenge na udi, akaniwekea mswada mbele. "Anza." Nikaanza juu. Akaninyang'anya karatasi.

"Hapo juu anajitambulisha tu. Mswada ni mgeni aliyebisha hodi, jina lake halikusaidii kitu. Muulize anafika lini, na amekuja kuchukua nini."

Tangu hapo nasoma kutoka mwisho. Mwisho ndiko ilipo tarehe ya kuanza kutumika. Kisha natafuta maneno yaliyokatwa kwa mstari katikati, hayo yanatoka katika sheria. Kisha yaliyopigiwa mstari chini, hayo yanaingia. Maneno yasiyo na mstari wowote yamo sheriani tayari. Msigombane nayo, mmechelewa.

Wiki iliyofuata aliniuliza kama kuna chochote kitakachowagusa wenye bucha. Nikatafuta neno mbuzi kwenye kompyuta, sikulipata. Alicheka hata mtandio ukamteleza. "Mbuzi atakuja Bungeni kujiandikisha kwa jina lake? Tafuta kwato. Tafuta machinjio. Tafuta usafirishaji wa mifugo wadogo." Alikuwemo, katikati ya mswada wa barabara.

Alinipa pia kalamu mbili. Nyekundu ilikuwa ya mwenye duka, kijani ya anayeingia dukani. Kila mswada ilibidi niusome mara mbili na kuandika mara mbili, utamfanya nini huyu na utamfanya nini yule. Nilimwambia wanaotulipa ni wenye maduka. Akaniangalia juu ya miwani. "Na mwenye duka akitoka kwake ananunua wapi? Angani?"

Jumapili jioni nilikuwa narekodi muhtasari na kuutuma kwenye kundi la simu. Kiswahili chenyewe kilibidi kiwe cha katikati. Baba Furaha alilalamika kwamba changu kina pwani nyingi mno. Wakenya wa bara walilalamika kwamba nasoma kama taarifa ya habari. Watoto wao waliosikiliza kwenye viti vya nyuma vya magari waliuliza, "Mom, what's a mswada?" Hapo nikajua walau unasikilizwa.

Mswada wa moto ulikuja katika kikao ambacho tayari nilikuwa nimezoea kazi. Ulisema kila nyumba inayolea wazee wasio jamaa wa mwenye nyumba, hata kama ni wachache kiasi cha kutohitaji leseni ya jimbo, iwekewe mabomba ya kunyunyiza maji darini. Wanachama wetu wengi, wauguzi waliochoka na zamu za hospitali, walikuwa na nyumba za namna hiyo: nyumba ya kawaida mtaani, vyumba vitatu vya wazee, jikoni moja, runinga inayowaka mchana kutwa. Kufunga mabomba kungemaanisha kubomoa dari yote. Wengi wangefunga.

Kalamu nyekundu ilijaza ukurasa. Nilipochukua ya kijani nikasita. Mheshimiwa aliyeleta mswada alikuwa ameombwa na mwanamke aliyempoteza mama yake kwa moto, katika nyumba kama zetu. Niliandika: Mzee atalala salama zaidi, ikiwa bado atakuwa na mahali pa kulala.

Wakesho alinipigia kabla rekodi haijamaliza kucheza. "Kaka, hii ikipita nafunga. Na Miss Loretta atapelekwa wapi? Hana mtu."

Miss Loretta alikuwa opereta wa simu enzi zake, mzaliwa wa hapa hapa Dallas. Alikuwa ametolewa katika makao makubwa ya kando ya barabara kuu, akaja kwa Wakesho na sanduku moja. Alilala katika chumba kilichokuwa gereji, ambacho Wakesho alikitengeneza vizuri na kukipaka rangi ya manjano.

Nilituma maelekezo: tutakwenda kwenye kikao cha kamati, na kila mtu, akifika, aandikishe jina lake kwenye mashine zilizoko ukumbini, kwamba anapinga. Si lazima aseme neno. Kamati huhesabu majina, na sisi wa ofisi, mimi na Bi Salma, tulikuwa tunawaachia wanachama kuyaandika. Nilirudia mara tatu.

Lakini sikuwa kwenye basi. Niliendesha gari la Wakesho, kwa sababu Miss Loretta alitaka kuja na basi lilikuwa na ngazi. Huko kwenye basi, walipopita Waco, wakaomba, wakala mandazi, kisha wakapanga mambo kama tunavyopanga popote tulipo. Neno lina mwenyewe. Atasema Mzee Kilonzo. Mmoja akauliza kuhusu kujiandikisha, na Baba Furaha, kama alivyonisimulia mwenyewe, akajibu kwa niaba ya basi zima: "Mzee ashaongea, sisi tutaongea nini tena? Tumkate neno? C'est pas bien, si vizuri." Ilikuwa kama kupeleka mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa. Wakakubaliana, wakafika, wakapita mashine zile kwa adabu, wakaketi.

Mimi nilikuwa kwenye lifti na Miss Loretta. Mbele ya mashine akaniambia, "Andika jina langu."

"Unaunga mkono au unapinga?"

"Nitajua nikifika pale mbele."

Mashine ina nafasi ya tatu, ya asiyeunga wala kupinga. Nikamwandika hapo. Wakesho, aliyekuja nasi, alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, akaingia chumbani bila kuandika lake.

Mama aliyefiwa alizungumza kwanza. Baada yake walikuja watu wa zimamoto. Kisha akaitwa Mzee Kilonzo, suti ya kijivu, kofia mkononi. Alimsalimu mwenyekiti wa kamati. Akawasalimu wajumbe. Akampa pole mama aliyefiwa, na akampa kwa moyo, kwa maana aligeuka mzima mzima kumtazama. Akaleta salamu za waliobaki nyumbani. Kwetu huo ni mwanzo. Pale ni dakika tatu, na kengele ikalia.

"Kwa kifupi," akasema Mzee, "mimi na watu wangu tunapinga."

"Watu gani, bwana?" mwenyekiti akauliza, bila ubaya. Akaangalia skrini yake. "Hapa nina jina moja linalopinga. La kwako."

Mzee akageuka kutuonyesha. Safu za nyuma zilijaa watu waliovaa nguo za kanisani, wamekunja mikono, wametulia kama wanavyopaswa kutulia mkubwa akizungumza. Kwa macho ya kamati walikuwa watazamaji. Bi Salma, pembeni yangu, alisema polepole, "Tumekwisha kwa adabu."

Karani akaita jina lililofuata. Loretta.

Ilichukua muda kufika mezani. Fremu iligonga viti viwili. Akaketi, akafungua peremende, akaiweka mdomoni, na mwenyekiti akangoja.

"Nilikuwa opereta wa simu," akasema. "Nimesikiliza watu wakiongea kwa niaba ya wenzao maisha yangu yote. Leo nataka kuongea kwa niaba yangu." Akamwonyesha Wakesho kwa kidole. "Pale ndipo ninapoishi. Nilikotoka waliniita kwa namba ya chumba. Huyu ananiita bibi na ananigombeza nisipokula. Mkifunga nyumba yake, mtanirudisha kwenye namba?"

Wakesho alikuwa ameanza kutabasamu.

"Lakini bado sijamaliza. Nalala kwenye gereji. Gereji nzuri. Dirisha lake liko juu, nisingelipita hata ningekuwa na miaka kumi. Njia yangu ya kutoka inapita jikoni. Na moto, mabwana na mabibi, huanzia jikoni. Mvua ya darini siihitaji. Nahitaji mlango."

Tabasamu la Wakesho likaondoka.

Yule mheshimiwa mwenye mswada aliinama kwenye kipaza sauti akamwuliza Mzee Kilonzo, ambaye hakuwa amejua kama aketi au asimame: kama mabomba yangeondolewa, na badala yake kila chumba cha mzee kiwe na mlango wa kutokea nje moja kwa moja, na njia ya magurudumu, wangekubali?

Mzee hakujibu peke yake. Nampa heshima yake kwa hilo hadi leo. Aligeuka akasema kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya darasani, "Simameni. Kila mtu na jina lake."

Wakasimama. "Mutheu, Cedar Hill. Mlango naweka." "Nyamvula, Dallas. Naweka." "Kashindi, Fort Worth, mimi ni Baba Furaha, nitaweka kabisa!" Nilitafsiri nikikimbizana nao, karani akiomba watu wa Mungu waende polepole. Wakesho alisimama wa mwisho. "Wakesho," akasema, na akamtazama Miss Loretta, si kamati. "Naweka."

"Sheria ipite isipite?" Miss Loretta akauliza.

Nilitafsiri hilo pia. Mzee Kilonzo akavua miwani. "Ipite isipite."

Karani akatuambia kusema tu hakutoshi, basi wakatoka wote wakapanga foleni kwenye zile mashine, na safari hii kila mmoja akabonyeza kwa kidole chake.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo kazi yetu inapodanganya watu. Mswada ulibadilishwa, ukapita kamatini ukiwa na milango badala ya mabomba, ukapelekwa kusubiri zamu ya kujadiliwa na Bunge zima. Mei ikafika. Mbele yake kulikuwa na miswada mingi, watu wakabishana kuhusu mambo mengine, na saa zikaisha. Haukukataliwa. Ulisahauliwa jikoni kama chai, ukapoa.

Simu yangu ilijaa. Baba Furaha alituma sauti iliyokuwa kelele tupu, ndani yake nikasikia, "Kaka, tume-gagner, tumeshinda!" Mwingine akatuma picha ya keki. Jumapili ikafika na mimi nikakaa na kalamu zangu mbili. Nyekundu ilikuwa rahisi: hakuna unachotakiwa na sheria. Kijani niliisoma hivi: "Kwa anayelala katika nyumba yako, sheria haipo. Iliyopo ni ahadi yako, nawe uliitoa kwa jina lako." Nikazima. Picha za keki zikakoma. Kisha Bi Salma akaandika maneno matatu tu ambayo kila mtu hapa amelelewa nayo: Ahadi ni deni.

Mzee Kilonzo alikuwa wa kwanza. Alituma picha ya mlango mpya, mweupe, yeye mbele yake na suti ile ile. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa kadiri ya fundi na kibali cha mji.

Nyumba ya Wakesho haikusogea. Kwanza kibali. Kisha fundi akasema udongo wa Cedar Hill hupanuka mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, ukikata ukuta msingi utacheza. Kisha akasema ni joto mno. Nilikwenda Jumamosi moja nikamkuta dada yangu akipika.

"Wakesho, mlango."

"Kaka, umeanza kunifanyia Bunge nyumbani? Sheria haijapita."

"Sikuuliza sheria."

"Wewe unakuja hapa na kalamu ya kijani. Nani analipa nyumba hii? Nani anaamka saa kumi alfajiri kuwabadilisha wazee nguo?"

"Wewe."

"Basi niache nipumue."

Nilikuwa na la kumjibu, la zamani, la mkonge na karo, na hata siku moja sijawahi kulitoa. Nilikula, nikaosha sahani, nikaenda.

Aliyemaliza jambo ni Miss Loretta. Kila asubuhi baada ya chai alisukuma fremu yake hadi kwenye ukuta wa nje wa chumba chake, akasimama uso ukiugusa ukuta, akangoja. Wakesho alimwuliza mara ya kwanza anafanya nini pale.

"Mazoezi ya moto, mpenzi."

"Na?"

"Nimeungua."

Kesho yake tena. "Leo vipi, Miss Loretta?" "Nimeungua tena. Mayai yalikuwa matamu lakini." Dada yangu alivumilia hadi mwisho wa wiki. Jumatatu nilipokea ujumbe wake bila salamu: "Fundi anaanza kesho. Mwambie bibi yako asimame mbali na huo ukuta."

Mlango ni wa bluu. Nje yake kuna njia ya saruji inayoteremka taratibu hadi barabarani, na Miss Loretta huitumia kila jioni joto likipungua. Wakesho hulalamika kwamba bibi sasa hakai ndani.

Ndiyo sababu alimwona Cecil. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba nyingine ya wazee. Mwenyewe si mwanachama wetu, hakuwa Austin, hakuahidi mtu kitu. Cecil alikuwa fundi wa reli, hutembea kwa kiti cha magurudumu, na chumba chake ni gereji. Wanapungiana mikono, yeye kupitia dirisha.

Miss Loretta aliniuliza ni lini Cecil atapata wake. Nilimweleza kwamba ahadi humfunga aliyeitoa, na aliyebaki anafungwa na sheria tu, na sheria ilikufa. "Basi irudishe," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Nilijaribu. Yule mheshimiwa hakuwa tena Bungeni. Nilipeleka maandishi yale ya milango kwa mwingine, akayapokea kwa upole, yakaishia mezani kwake. Chamani waliniambia, "Mzee Mwadime, nyuki wametulia, unawachokoza wa nini?" Nilimpigia Bi Salma, ambaye magoti yamemweka nyumbani siku hizi. Akaniuliza kama kalamu ya kijani bado inaandika. Nikamwambia inaandika. "Basi mpe mtu," akasema, "wewe umezeeka."

Ni kweli. Zote mbili ziko kwenye droo ya juu, upande wa kushoto. Maandishi ya mswada ule mtayapata mkitafuta. Msitafute neno mlango, anzeni na njia ya kutokea. Mkienda Austin, jiandikisheni kwanza, salamu baadaye.

Bado namtembelea Miss Loretta. Namkuta kwenye saruji yake, fremu mbele, peremende mdomoni. Habari za mlango wake hazungumzi tena. Hunyoosha kidole ng'ambo ya barabara na kuuliza, "Na Cecil?"

Namjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa neno hilo ameshalijua.

"Bado."